Chama au Ahoua? Ubishi wa usajili unapofika mezani kwa familia

NYABIYONZA, KARAGWE. Mwezi wa saba ukifika Nyabiyonza, kahawa huwa imejaa kwenye maturubai. Asubuhi inaanikwa, mchana inageuzwa, wingu likitokea kila mtu anakimbia kuikunja. Watoto wanasaidia kuchambua, wazazi wanahesabu magunia, na redio ndogo inaning'inia kwenye mgomba au juu ya dirisha la jiko.

Na kwa kuwa ndio mwezi ambao dirisha kubwa la usajili wa wachezaji huwa wazi, redio hiyo haizungumzii kahawa. Inazungumzia nani ametua Jangwani, nani ametambulishwa Msimbazi, na nani ameachwa.

Ndiyo maana tangu Julai 2024 neno "Chama" lina maana mbili katika nyumba nyingi za huku. Kuna chama cha msingi, kinachopokea kahawa ya mkulima. Na kuna Clatous Chama, kiungo kutoka Zambia, aliyewavunja moyo mashabiki wa Simba kwa kuvuka barabara na kwenda Yanga. Mtu akisema "Chama wametuangusha", inabidi kwanza umuulize ni kipi.

Msimu mzima umepita tangu siku hiyo, na ubishi haujaisha: nani alifaidika? Swali ni la mpira, lakini mzazi akilitazama vizuri ataona linamhusu yeye na watoto wake kuliko anavyodhani.

Kilichotokea

Mashabiki hupenda kusema "tuliwapa Chama, tukachukua Ahoua", kana kwamba klabu mbili zilikaa mezani zikabadilishana. Katika besiboli ya Marekani jambo hilo ni la kawaida: timu moja inatoa mchezaji, nyingine inatoa wake, biashara inaisha. Hapa haikuwa hivyo. Mkataba wa Chama na Simba ulifika mwisho, akawa mchezaji huru, na Yanga ikamtangaza mwanzoni mwa Julai 2024.

Simba nayo ikaenda Ivory Coast, ikamchukua Jean Charles Ahoua wa Stella Club d'Adjamé, aliyekuwa ametoka kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi ya kwao. Kwa hiyo ndani ya dirisha moja, namba ile ile ya kiungo mshambuliaji ilipata sura mpya. Aliyeondoka alikuwa na miaka 33. Aliyeingia alikuwa na 22.

Uzito wa jambo lenyewe haukuwa mdogo. Chama alifika Simba mwaka 2018 na alikuwa sehemu ya timu iliyotwaa ubingwa misimu mitatu mfululizo, hadi 2020/21. Mwaka 2021 Simba ilimuuza RS Berkane ya Morocco, na Januari 2022 akarudi. Kuna watoto wa darasa la sita leo ambao mchezaji wa kwanza kumjua kwa jina alikuwa "Mwamba wa Lusaka". Siku alipovaa jezi ya kijani na njano, baadhi yao walilia, na wazazi wao wakacheka. Hapo ndipo ubishi wa nyumbani ulipoanzia.

Hoja ya baba, hoja ya mtoto

Chukua nyumba yoyote yenye baba wa Yanga na kijana wa kidato cha pili aliye wa Simba. Zipo nyingi Nyabiyonza, kama zilivyo nyingi Tanzania nzima, kwa sababu timu haifuati ukoo wala kabila. Jioni, ndizi zikiwa jikoni, baba anaanza.

Hoja yake ni fupi: kombe liko wapi? Msimu wa 2024/25 Yanga ilimaliza ligi na pointi 82, Simba 78. Tena Simba iliingia mchezo wa mwisho, Juni 25, 2025, ikiwa nyuma kwa pointi moja tu, ikapigwa 2-0 na Yanga wenyewe. Siku chache baadaye Yanga ikabeba na Kombe la Shirikisho la TFF. "Tulimchukua Chama wenu, tukachukua na makombe. Unataka hesabu gani nyingine?"

Kijana naye hakosi la kusema. Ahoua alimaliza akiwa mfungaji bora wa Ligi Kuu kwa mabao 16. Msimu mmoja kabla, Chama akiwa bado Msimbazi, Simba ilipata pointi 69 na ikamaliza ya tatu nyuma ya Azam. Bila Chama iliongeza pointi tisa, na ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kwamba ilifungwa na RS Berkane, timu ile ile iliyowahi kumnunua Chama, ni kejeli ya mpira tu. Yanga, anaongeza, iliishia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Na Chama mwenyewe? Mara nyingi alianzia benchi, na baada ya msimu mmoja akahamia Singida Black Stars.

Baba atasema mabao ya Ahoua yana penalti ndani yake. Kijana atasema penalti nayo hupigwa na mtu, haiingii yenyewe. Sauti zinapanda. Mdogo wao wa miaka minane anamwangalia mmoja, anamwangalia mwingine.

Ukisikiliza kwa makini utagundua kwamba hakuna anayedanganya. Kila mmoja anapima kwa kipimo chake. Baba anapima kwa kombe. Kijana anapima kwa mahali timu ilipotoka na mahali ilipofika. Wanaweza kubishana hadi senene waanze kuanguka, na wasikutane.

Swali la mama

Katika nyumba za namna hii, anayeweza kuleta suluhu mara nyingi ni yule asiyekuwa na timu. Mama anayetunza daftari la kahawa anajua jambo moja ambalo mashabiki husahau: biashara haipimwi siku ya kupeana mikono.

Wakulima wa Kagera wana neno lao, butura. Ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu shida ya leo haisubiri mavuno. Serikali imekuwa ikiipiga marufuku, kwa kuwa imefukarisha familia nyingi. Siku ya butura mkulima hutoka na pesa mkononi na uso mkunjufu. Maumivu huja mwezi wa saba, anapomtazama mtu mwingine akichuma mti wake.

Kwa jicho hilo, maswali ya usajili ni matatu, na mtoto wa shule anaweza kuyajibu. Kwanza, ulikuwa unakosa nini? Yanga ya 2024 tayari ilikuwa na Stephane Aziz Ki, Pacôme Zouzoua na Maxi Nzengeli katika eneo lile lile la Chama. Ilikuwa inaongeza chumvi kwenye mboga iliyokwisha kukolea. Simba ilikuwa na pengo kamili, na ililiziba.

Pili, ulitoa nini? Mwaka 2021 Simba ilimuuza Chama akiwa na mkataba, ikaingiza fedha. Mwaka 2024 haikuingiza kitu, kwa sababu mkataba ulikuwa umekwisha. Mtu anaweza kusema ni hasara. Lakini mkulima atasema mti ule ulikuwa umeshazaa kwa miaka mingi, na hakuna anayelipwa kwa mavuno aliyokwisha kuyala.

Tatu, unapima lini? Ukipima Julai 2024, Yanga ilishinda kwa kelele. Ukipima Mei 2025, Simba ikiwa fainali ya Afrika, kijana alikuwa na haki ya kutamba. Ukipima usiku wa Juni 25, baba ndiye mwenye meza.

Kuna na jambo la nne, gumu zaidi, ambalo watu wazima nao huliruka. Pointi tisa za Simba hazikuletwa na Ahoua peke yake. Dirisha hilo hilo lilimleta kipa Moussa Camara na washambuliaji wapya, na benchi likapata kocha mpya, Fadlu Davids. Yanga nayo ilibadilisha makocha katikati ya msimu na bado ikawa bingwa. Kumpa mchezaji mmoja sifa zote au lawama zote ni kama kusema shamba lilistawi kwa sababu ya jembe jipya, ukasahau mvua.

Ubishi unapogeuka

Hadi hapo ni utani wa jadi, na utani hauna ubaya. Yanga ilianzishwa 1935, Simba 1936, na tangu hapo watani hawa wamefundisha Watanzania kucheka pamoja hata wakiwa wameumia.

Mzazi anapaswa kushtuka mambo mawili yanapoingia.

La kwanza ni dharau. Baba akishamwambia mtoto "wewe unajua nini", mjadala umekufa. Mtoto aliyekuwa na takwimu nzuri kuliko baba yake atajifunza kwamba nyumbani hoja haishindi, umri ndio unashinda. Atanyamaza. Na mtoto aliyezoea kunyamaza kuhusu mpira atanyamaza pia siku atakapokuwa na jambo zito la kumwambia mzazi wake. Anayefaidi ni kibanda umiza, ambako atapata watu wa kumsikiliza, wazuri na wabaya.

La pili ni kubeti. Msimu wa kahawa ndio msimu ambao pesa inaonekana nyumbani, na simu iko mfukoni. Ubishi wa "Ahoua atafunga leo" unachukua dakika moja kugeuka mkeka. Kwa sheria, aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza kamari, lakini vijana hutumia laini ya kaka au ya rafiki. Na si vijana peke yao. Baba anayeweka fedha ya ada kwenye mkeka amefanya butura nyingine, tena mbaya zaidi, kwa kuwa ya kwanza angalau ina bei inayojulikana.

Hapo wahenga hawakukosea: mali bila daftari huisha bila habari.

Namna ya kubishana nyumbani

Mzazi hahitaji kuzima redio wala kukataza timu. Anaweza kuutumia ubishi wenyewe.

Mpe mtoto daftari. Mwanzoni mwa msimu kila mmoja aandike usajili mmoja anaouona mzuri na mmoja anaouona mbaya, na sababu zake. Daftari lifungwe, lifunguliwe mwezi wa sita. Atakayekuwa amekosea ataliona kosa lake kwa mwandiko wake mwenyewe, bila kuzomewa.

Badilishaneni upande. Jioni moja baba amtetee Ahoua, kijana amtetee Chama. Itawachekesha, lakini kila mmoja atagundua kwamba hoja za mwenzake zina mifupa.

Na mzazi akubali kushindwa mbele ya watoto. "Hapo umenishinda, mwanangu" ni sentensi fupi ambayo hukumbukwa miaka mingi. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na mtoto hujifunza kukubali kwa kumwona baba yake akikubali.

Pia si vibaya kuwauliza watoto habari za timu ya nyumbani. Msimu ule ule ambao Nyabiyonza ilikuwa inahesabu pasi za Chama, Kagera Sugar, timu ya mkoa, ilikuwa inashuka daraja. Ni nyumba ngapi zilizobishana kuhusu mchezaji ambaye angeiokoa?

Aliyelelewa nyumbani

Baada ya kelele zote hizo, rudini kwenye ule mchezo wa Juni 25, ambao ndio ulioamua ubingwa. Aliyefunga la kwanza alikuwa Pacôme Zouzoua, kwa penalti. Hakuwa Chama wala Ahoua. La pili lilifungwa na Clement Mzize, ambaye alimaliza ligi na mabao 14, mawili nyuma ya Ahoua.

Mzize hakuletwa kwa kelele za dirisha kubwa. Alipandishwa kutoka timu ya vijana ya Yanga, akapewa dakika chache chache, akakosa mabao ya wazi, akazomewa na mashabiki wake mwenyewe, akavumiliwa, akakomaa.

Kijana wa Simba atasema mfano huo una upendeleo. Ana haki ya kusema hivyo, na baba yake amsikilize mpaka mwisho. Kesho asubuhi watakuwa pamoja kwenye turubai, wanageuza kahawa.