Beshte Yako Ako na Ranchi Ngaremara? Tulia Kwanza: Shamba ni Lake, Swala Si Wake

Hebu nikupee picha. Ni Desemba, umetoka Nairobi na maboyz wawili, mmeshuka Isiolo na vumbi hadi kwa masikio. Beshte yenu wa Ngaremara amewatumia nduthi iwachukue stage. Kwao ni upande ule wa barabara ya kwenda Archers Post, mbuzi kibao, ngamia kadhaa, miti ya migunga hadi macho yanachoka. Jioni mnakaa nje ya boma, nyota zimejaa juu mbaya, alafu kuna fala mmoja anauliza: "Sasa deer tunawinda lini?"

Huyo fala ni mimi.

Usinicheke sana. Nilikuwa nimecheki vidio mob za wasee wa Texas. Wamevaa nguo za rangi ya majani, wamepanda mti na bunduki, wanaangusha deer kwa ranchi ya beshte, nyama inaingia friji, maisha inaendelea. Nikajiambia sisi pia tuko na ranchi, tuko na beshte, na tochi kubwa tushanunua Isiolo mjini. Bunduki hatukuwa nayo, lakini kuna kijana wa hapo alituambia digidigi hataki bunduki. Unammulika kwa macho, anaganda, mbwa wanamaliza.

Mbuyu wa beshte yetu alikuwa amekalia kile kigoda kidogo cha wazee wa Turkana, anasikiliza tu. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja: "Vijana wangu, mkishikwa, ni nani kati yenu anaishi hapa?"

Tukanyamaza. Na kwa sababu najua kuna mbogi ingine mahali inapanga hii form saa hii, wacha nikueleze kwa nini hilo swali ni zito.

Kwanza, hakuna deer hapa

Deer mwenyewe, yule wa vidio, hana asili huku kwetu. Afrika, kwao ni kaskazini kule Tunisia na Algeria. Chini ya Sahara hakuna wa asili hata mmoja. Ukiona kamusi imeandika kulungu, jua kulungu wetu ni jamii ya swala. Tofauti ni rahisi: deer huangusha pembe zake kila mwaka na kuota zingine, na pembe zake zina matawi. Swala pembe zake ni za maisha, na hazina matawi.

Wale utaona Ngaremara ni wengine kabisa. Kuna swala twiga, yule wa shingo ndefu anasimama na miguu ya nyuma akikula majani. Kuna choroa na pembe zake kama mikuki miwili. Kuna punda milia wa Grevy, yule wa mistari myembamba, ambaye dunia nzima wamebaki kama 3,000 hivi, wengi wao hapa Kenya. Na kuna digidigi, yule tulikuwa tunamtaka.

Digidigi mzima ana kilo 3 hadi 6 hivi. Toa ngozi, toa matumbo, toa mifupa. Hiyo ni nyama ya watu wanne na bado mtaagiza chapo. Alafu hawa huishi wawili wawili, bwana na bibi, wamekaa kwa kaeneo kao miaka yote. Ukiangusha mmoja umevunja nyumba ya watu.

Shamba ni lake, mnyama ni wa nani?

Hapa ndipo wasee wengi huingia box. Texas, mwenye shamba ndiye anaamua nani anaingia kuwinda, na anakulipisha. Deer ni wa umma hata huko, lakini ukiwa na leseni ya serikali na ruhusa ya mwenye shamba, uko sawa.

Kenya hiyo leseni haipo. Mnyama wa porini ni wa umma, serikali ndiyo inamshikilia kwa niaba yetu, hata akilala mlangoni kwako. Beshte yako anaweza kukupa ruhusa ya kulala kwao, kukunywa maziwa ya ngamia, hata kuoa dada yake kama uko na mahari. Ruhusa ya kupiga swala hana, kwa hivyo hawezi kukupea.

Na hii "ranchi" tunaiita ranchi juu inaskika poa. Pande hizo ardhi kubwa ni malisho ya jamii. Kuna hifadhi za jamii kama Nakuprat-Gotu, ya Waturkana na Waborana, na iko na rangers wake. Hifadhi ya Buffalo Springs nayo iko hapo hapo, hata geti yake moja inaitwa Ngare Mara. Swala wa asubuhi kwa boma anaweza kuwa wa Buffalo Springs jioni. Yeye hajui mpaka.

Sheria ilianza lini?

Zamani kuwinda ilikuwa ruhusa, ukiwa mtu fulani. Mwaka wa 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu kuwa rais wa Marekani, alikuja Kenya na kijana wake Kermit. Hao wawili peke yao waliangusha wanyama 512. Walifika hadi Ewaso Ng'iro, mto ule ule unapita Archers Post. Na hiyo Archers Post yenyewe imeitwa hivyo juu ya Geoffrey Archer, ofisa wa mkoloni. Wakati huo mwenyeji akinasa swala ale, anaitwa jangili. Mgeni na leseni anaitwa mwindaji. Mnyama ni yule yule.

Baada ya uhuru biashara ya safari za kuwinda iliendelea. Shida ikawa ujangili ulikuwa umetoka mkono. Kuwinda tembo kukafungwa 1973. Mei 1977 serikali ikafunga uwindaji wote wa safari, na 1978 ikafunga biashara ya ngozi, pembe na vitu vingine vya wanyama. Tangu hapo, hakuna leseni ya kwenda kuangusha swala kwa raha zako.

Kuna wakati mlango ulifunguka kidogo. Miaka ya 90 kulikuwa na majaribio ya kuvuna wanyama kwa ranchi chache, chini ya KWS. Kwa hivyo mbuyu wako akikuambia alikula punda milia Carnivore pale Lang'ata, hakudanganyi. Huo mpango ulifungwa 2003. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha mswada wa G.G. Kariuki, ule wapinzani walisema utarudisha uwindaji. Kibaki akakataa kuuweka sahihi.

Ukishikwa je?

Sheria inayotumika ni ile ya wanyamapori ya 2013, iliyoanza kazi Januari 2014. Vile ilipitishwa, msee akiwinda ili ale tu, faini ni si chini ya 30,000 ama jela si chini ya miezi 6, ama zote mbili. Akiwinda nyama ya kuuza, ama hata akipatikana tu na nyama ya porini, si chini ya 200,000 ama mwaka mmoja. Kama ni mnyama yuko hatarini kuisha, inaweza kufika kifungo cha maisha.

Soma tena hapo "si chini ya". Maana yake hakimu akikuonea huruma, huruma yake inaanzia hapo. Haiwezi kushuka.

Na kuna kitu hatukuwa tunajua: kuwinda kwa raha kuko na kifungu chake, na ni kizito kuliko kuwinda kwa njaa. Sisi njaa hatukuwa nayo. Tulikuwa tunatafuta content. Ile vidio tungepost ndiyo ingekuwa ushahidi, tena tumejitag wenyewe.

"Lakini Tanzania si wanawinda?"

Ndio, wanawinda. Tanzania ilifunga 1973, ikafungua 1978. Huko kuna vitalu, vibali, msimu na ada, na mgeni wa safari hulipa doo za kumaliza nyumba. Wanaounga mkono husema hizo pesa ndizo zinalinda mapori. Wanaopinga wanakuonyesha yale yalitokea 2023 na 2024, tembo wakubwa wanaojulikana Amboseli walipovuka mpaka na kupigwa risasi upande wa pili.

Na tuseme ukweli, kufunga hakukumaliza shida. Joseph Ogutu na wenzake walitoa utafiti 2016 wakaonyesha wanyamapori wa Kenya walipungua kwa wastani wa asilimia 68 tangu 1977. Mwaka ule ule tulifunga! Watu wameongezeka, mifugo imeongezeka, fensi zimeongezeka, ukame umepiga, na ujangili haukuisha. Kwa hivyo yule anakuambia sheria ndiyo imeokoa kila kitu, anakuchenga. Na yule anakuambia tukifungua wanyama watarudi, mwambie alete hesabu.

Sasa rudi kwa swali la mzee

Mtu wa Ngaremara ndiye analala na hawa wanyama. Fisi akiingia zizini, mbuzi ni wake. Tembo akivunja bomba la maji, kiu ni yake. Sheria ya 2013 iliweka fidia ya milioni 5 kama mnyama ameua mtu, lakini waulize familia zinazosubiri hizo pesa zimekaa miaka mingapi. Ukame wa 2020 hadi 2022 ulimaliza mifugo huko, na bado watu hawakugeukia punda milia wa Grevy.

Alafu mimi natoka Umoja na tochi.

Mzee alitueleza polepole. Rangers wakipata damu na nyayo za mbwa, wanafuata hadi boma la karibu. Hawaji Umoja. Wanauliza kijana wa hapo, mwenye mbwa, anayejulikana kwa jina. Sisi tungekuwa tushapanda mat ya Nairobi tukihesabu likes. Beshte yetu, ambaye ndiye pekee kwao ako na cheti cha form four na anangoja nafasi ya kazi, angeanza mwaka na kesi. Kumbuka hata kazi ya ranger wa hifadhi ni moja ya zile chache ziko hapo. Utaombaje ukiwa na rekodi ya kuua digidigi?

Nilicheki beshte yangu. Alikuwa anaangalia chini. Hapo nikajua alikuwa ameogopa tangu mwanzo, ni vile tu sisi ni wageni wake na hakutaka kutuangusha. Hiyo ndiyo iliniuma kuliko faini zote.

Kwa hivyo ufanye nini?

Nenda Ngaremara, usiogope. Changeni, nunueni mbuzi mmoja kwa mwenyewe, hiyo ni ganji imeingia kwa boma badala ya kesi. Amka saa kumi na moja, mfuate kijana wa mifugo akusomee nyayo: huyu ni choroa, huyu ni fisi, huyu alipita na mtoto. Lipa geti ya Buffalo Springs, piga picha hadi simu izime. Na mbogi yako ikikuambia kuna sehemu mnaweza kununua nyama ya porini bei ya chini, kataa. Mbali na kesi, hiyo nyama hakuna daktari wa mifugo ameigonga muhuri, na kimeta hakiangalii kama umetoka Nairobi.

Sisi tulikula mbuzi. Ile tochi tulimwachia mzee, anamulika fisi zizini usiku. Asubuhi nikitoka kukojoa nikaona digidigi wawili wamesimama kando ya mgunga, wananiangalia na yale macho makubwa. Nilisimama pia. Simu nilikuwa nimeiacha ndani.

Kama uko na beshte ocha na kuna form kama hii imepangwa, mtumie hii kabla hamjapanda mat.