Siku mbili Kapolowe, kwenye ziwa la uchumba wetu



Kila mtu wa Likasi anayepanda basi la kwenda Lubumbashi anapita Kapolowe-Gare. Wengi wetu tunanunua samaki pale barabarani na kuendelea na safari. Wachache ndio wanaoshuka na kufuata njia ya Kapolowe-Mission, kwenye ukingo wa ziwa Tshangalele. Mwezi wa tano, mvua zilipokwisha, sisi tuliifuata: baba, mama na watoto watatu, toka siku ya posho asubuhi mpaka siku ya Mungu jioni.

Tulikuwa na sababu. Miaka kumi na miwili iliyopita, mmoja wetu akisoma ualimu na mwingine akijifunza kazi ya umeme, tulikutana kando ya ziwa hilo. Vikundi viwili vya vijana vilikuwa vinapika karibu karibu, na kikundi kimoja kilikuwa kimesahau chumvi. Mmoja akatumwa kuomba, na mazungumzo yetu yakaanzia hapo. Tulirudi mara nyingi kabla ya mahari kutolewa, mara nyingine kwa kinga, na vumbi lote la njia tukilichukua kichwani.

Mwaka huu nyumba yetu ilifika mahali pagumu. Baba alipata kazi Kolwezi, kwenye migodi. Bamama wengi wanajua maana yake: makuta yanaongezeka, lakini kitanda kinabaki nusu, na watoto wanamjua baba yao kwa simu. Kwa miezi miwili tuliongea juu ya jambo hilo usiku tu, kwa sauti ya chini yenye hasira, watoto wakijifanya wamelala. Mmoja aliona ada za masomo, mwingine aliona nyumba isiyo na baba. Wote wawili tulikuwa tunasema kweli, na ndiyo sababu hatukuweza kusikilizana.

Zamu yetu ya likelemba ilipofika, tulitoa sehemu ndogo kwa safari. Tulibeba bunga, sombe iliyokwisha kutwangwa, sufuria, blanketi na vyandarua. Samaki tulinunua kwa wavuvi: tilapia na kambale. Tulilala kwa jamaa, na tuliwapelekea sukari na sabuni, kama inavyofaa.

Watoto walitaka kujua kila kitu. Tuliwaambia kwamba ziwa hili limetengenezwa na watu. Mto Lufira ulizuiwa kule Mwadingusha, na tangu 1930 maporomoko yake yanatoa umeme kwa ajili ya viwanda vya shaba, wakati mji wetu ulipokuwa bado unaitwa Jadotville. Maji yalitandaa juu ya bonde, yakawa ziwa pana lisilo na kina kirefu, na uvuvi ukazaliwa. Mtoto wetu mkubwa, msichana wa miaka kumi, akauliza: "Basi chini ya maji kulikuwa nchi kavu?" Ndiyo, mama, watu walikuwa wanatembea pale.

Tuliwaambia pia kwamba mashine za Mwadingusha zilichoka, na kwamba kazi ya kutengeneza zote sita ilikamilika mwaka 2021. Baba, kwa kuwa ni mtu wa umeme, alieleza kwa furaha kuliko siku nyingi. Hatukuwa tumemsikia akicheka namna ile tangu Noeli.

Mahali tulipopikia zamani tulipapata, lakini mti wetu haukuwapo tena. Ulikuwa umekatwa, na kando ya njia magunia ya makala yalisimama yakingoja lori. Tulikaa juu ya mkeka, juani. Mtoto akauliza: "Baba, siku ile ulimwambia mama nini?" Akajibu: "Nilimwomba chumvi." Mama akasema hapana, ilikuwa pilipili. Tukabishana mpaka watoto wakaangua kicheko. Walikuwa hawajawahi kusikia wazazi wao wakibishana kwa furaha.

Usiku, watoto walipolala kweli, tulikaa nje na kuliongea jambo la Kolwezi. Safari hii kila mmoja alipewa nafasi ya kumaliza maneno yake. Tulipatana hivi: baba atakwenda kwa miezi sita. Mwisho wa kila mwezi atarudi nyumbani. Makuta yatagawanywa mbele ya wote wawili. Na mwezi wa kumi na mbili tutarudi Kapolowe kuamua upya, kama ni kuendelea ama ni kuacha. Woga haukuisha. Lakini asubuhi tulikunywa chai tukiwa upande mmoja.

Kwa mama anayetaka kwenda na watoto wake, haya tunamshauri:

Watoto wasiogelee wala kucheza kwenye maji yaliyotulia penye majani. Konokono wa maji wa namna hiyo wanaweza kubeba kichocho. Beba maji ya kunywa, ama chemsha.

Usipande mtumbwi uliojaa watu, na usimpandishe mtoto asiye na jaketi ya kuelea. Upepo wa mchana unainua mawimbi ghafula.

Samaki mtoe matumbo yote na umwoshe vizuri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walipima samaki wa bonde la Lufira ya juu, wakakuta kobalti na shaba. Kwa hiyo badilisha mboga: leo samaki, kesho maharagwe ama lenga-lenga.

Usinunue samaki wadogo mno, hata kama bei ni nzuri. Waliovuliwa kwa chandarua leo hawatazaa kesho.

Si lazima iwe Kapolowe. Kila nyumba ina mahali pake: kanisa, soko, kivuli cha mti fulani. Wapeleke watoto pale, uwaonyeshe kwamba baba na mama yao walichaguana kabla ya kuwa watu wa ada na bunga. Na kama kuna neno gumu linalowangojea nyinyi wawili, libebeni pamoja na sufuria. Huko, mbali na majirani na madeni, huenda mkaliongea mpaka mwisho.