Nyambizi ikigonga meli, nani hujibu?

Sisi tunaoishi Oman, Hormuz si jina la kusikia kwenye khabari tu. Njia za meli zinapita kwenye maji yetu, mbele ya Musandam. Hapo ndipo usiku wa tarehe 20 Machi 2009 nyambizi ya Marekani, USS Hartford, ilipoigonga manowari ya nchi yake yenyewe, USS New Orleans. Nyambizi ililala ubavu kiasi cha nyuzi 85, mabaharia 15 wakaumia kidogo, na tangi la manowari likapasuka na kumwaga baharini lita 95,000 hivi za dizeli.

Mwezi uliofuata nahodha wa Hartford akavuliwa uongozi. Nimesikia wengi wakiuliza: kwa nini yeye, na usukani ulikuwa mikononi mwa wengine?

Jibu wazee wetu wa majahazi walikuwa nalo. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ndiyo maana amri hupewa mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye anayejibu, hata kama alikuwa amelala. Jeshi la majini lina sheria hiyo hiyo. Kumvua nahodha uongozi si hukumu ya mahakama. Maana yake wakubwa wake hawana tena imani naye.

Lakini uchunguzi haukuishia kwake. Ulihesabu makosa mengi. Watu wa zamu walizoea kukaa kizembe, wa kusikiliza sauti za meli waliacha nafasi zao, na muziki ulikuwa jambo la kawaida kazini. Afisa wa kuongoza njia alikuwa akifanya mtihani huku akisikiliza iPod. Kwa hiyo mkuu wa mabaharia naye aliondolewa, na wengine wakaadhibiwa.

Adhabu za namna hii mara nyingi hutolewa na admirali mwenyewe, bila ya mahakama: barua ya karipio, kukatwa mshahara, au kushushwa cheo. Mahakama ya kijeshi ni hatua ya mwisho, na si kila msiba unafika huko. Mwaka 2001 karibu na Hawaii, USS Greeneville ilipanda juu ghafla na kuizamisha meli ya Kijapani Ehime Maru. Watu 9 walikufa, wanne wao wanafunzi. Nahodha wake, Scott Waddle, alipewa karipio, akastaafu na pensheni yake. Kwa familia nyingi za Japani, hiyo haikuwa haki.

Mimi naona hapo ndipo penye uzito. Kumwondoa nahodha ni rahisi, na lazima. Lakini uzembe wa Hartford haukuzaliwa usiku mmoja. Ulizoeleka zamu baada ya zamu, na kila aliyeuona akanyamaza ana sehemu yake. Bahari ni yetu sote, na mafuta yakimwagika hayaulizi bendera.