Linux katika Kompyuta za Shule: Kero Zake na Asili Yake

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma yake ya kawaida kwa mfumo wa Windows 10. Mfumo unaoufuata, Windows 11, hudai kichakataji cha miaka ya karibuni pamoja na kijisehemu maalumu cha usalama, na kwa sababu hiyo kompyuta nyingi kuukuu, ambazo bado ni nzima, hazikubaliki kwake. Shule ya msingi iliyopewa kompyuta za namna hiyo kama msaada haikosi mshauri atakayesema: wekeni Linux. Ushauri huo si mbaya hata kidogo. Linux hailipiwi, ipo inayoweza kwenda hata katika mashine dhaifu, na huendelea kupata marekebisho. Lakini mshauri huondoka Ijumaa, na mwalimu huingia darasani Jumatatu. Makala haya yanakusudia kumweleza mwanachuo kero atakazozikuta Jumatatu hiyo, na hasa zinakotoka. Maana mwalimu asiyejua asili ya kero huilaumu mashine, au, vibaya zaidi, huwalaumu watoto.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya jina lenyewe. Linux, kwa maana yake halisi, ni kiini tu cha mfumo wa uendeshaji, yaani ile sehemu ya ndani inayosimamia uhusiano wa programu na vifaa. Kiini hicho kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland. Programu nyingi zinazokizunguka zilitokana na mradi wa GNU, uliotangazwa na Richard Stallman wa Marekani mwaka 1983. Watu na makampuni mbalimbali huchukua kiini hicho, wakakiunganisha na programu wazipendazo, wakatoa mkusanyo wenye jina lake: Debian, Fedora, Ubuntu, na mingine mingi. Kiini hicho hicho ndicho kilichomo katika simu za Android, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zinazoorodheshwa kuwa zenye nguvu kuliko zote duniani huendeshwa nacho.

Hapo pana fumbo. Mzazi auzaye nyanya sokoni hutumia simu ya Android mchana kutwa, wala hajapata kulisikia neno Linux. Ilhali mwalimu mwenye kompyuta ya kiini kile kile huhangaika nusu saa akitafuta sauti. Sababu ni kwamba simu ile iliunganishwa na mtengenezaji wake, aliyejua imetiwa kamera gani na spika gani, akauandaa mfumo kwa vifaa hivyo na si vingine. Kompyuta iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows, kisha ikawekewa Linux baadaye, haikuunganishwa na yeyote isipokuwa huyo aliyeiweka. Kazi ya fundi wa kiwandani imemwangukia mwalimu. Kero nyingi tutakazozitaja zimo katika maungio hayo, wala si katika kiini.

Chukua mfano wa mtandao usio na waya. Kila kifaa huhitaji programu ndogo ya kukiendesha, na baadhi ya watengenezaji huitoa kwa Windows peke yake, au huitoa kwa masharti ambayo baadhi ya mikusanyo ilikataa kuyapokea. Matokeo yake ni mzunguko wa ajabu: kompyuta haipati intaneti kwa kukosa programu hiyo, na programu yenyewe iko kwenye intaneti. Debian ilianza kuzitia programu za namna hiyo katika toleo lake rasmi la kusakinisha mwaka 2023, na hali imekuwa nafuu. Printa mpya zinazopokea kazi kwa mtandao nazo kwa kawaida hukubali bila taabu. Za zamani ni bahati nasibu. Torvalds mwenyewe, mwaka 2012, aliitolea kampuni ya Nvidia maneno makali mbele ya hadhara kwa kutoshirikiana. Ikiwa mwenye kiini alifikia hapo, mwanachuo asijione mjinga.

Hata hivyo, kero iliyo nzito kuliko zote kwa mwalimu, kwa maoni yangu, si ya vifaa bali ya hati. Mwalimu huandika mtihani shuleni kwa LibreOffice, kisha hupeleka faili mahali penye Microsoft Word ili uchapwe. Huko mistari imesogea, jedwali la swali la 10 limekatika na nusu yake imeangukia ukurasa wa pili, na mchoro wa ua umelifunika swali linalouliza sehemu za ua. Hakuna aliyekosea. Programu mbili zimeisoma faili moja kwa tafsiri mbili, na mara nyingi chanzo ni fonti. Calibri, iliyokuwa fonti ya kawaida ya Word tangu 2007 hadi 2023, ni mali ya Microsoft na haiji pamoja na Linux. Fonti isipokuwapo, programu huweka nyingine badala yake. Herufi zikizidi upana kwa unywele mmoja tu, mstari hujaa mapema, neno la mwisho hushuka, na kila kilicho chini yake hushuka nalo. Ziko fonti zilizochongwa kwa upana ule ule: Carlito kwa Calibri, na Liberation Serif kwa Times New Roman. Zitafutwe mapema. Na hati isiyohitaji kusahihishwa huko iendako ipelekwe ikiwa PDF, ambayo hubeba fonti na mpangilio wake. Mtoto wa Darasa la Nne aliyefunikiwa swali hana habari ya fonti. Yeye hupoteza alama.

Kero nyingine ni za mazoea. Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo katika majina ya faili, hata “Shairi” na “shairi” zikawa faili mbili. Mwanafunzi aliyehifadhi la kwanza jana na la pili leo ataona kazi yake imepungua. Hali kadhalika, mtu aandikapo neno la siri katika dirisha la amri, kwa kawaida hakuna hata nukta inayoonekana kwenye skrini. Wengi hudhani kibodi imekufa. Haikufa. Aendelee kuandika, kisha abonyeze kitufe cha kuingiza.

Wingi wa mikusanyo nao una adha yake. Jibu lililoandikwa kwa Fedora huenda lisifae Ubuntu, na la mwaka 2012 huenda lisifae leo, tena mengi yameandikwa kwa Kiingereza. Jitihada za Kiswahili zimekuwapo: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu ya ofisi iliyoitwa Jambo OpenOffice. Lakini programu hubadilika mwaka hadi mwaka, na tafsiri isiyofuatiwa huachwa nyuma.

Je, kero hizi hazishindiki? Mji wa Munich, Ujerumani, ulihamisha karibu kompyuta 15,000 za ofisi zake hadi mwaka 2013, kisha mwaka 2017 baraza lake likaamua kurudi Windows. Miongoni mwa malalamiko ilikuwamo ile ile taabu ya kubadilishana hati na wengine. Jimbo la Kerala, India, kwa upande wake, limeendelea. Shule zake za serikali hutumia mkusanyo mmoja uliotayarishwa na jimbo lenyewe, vitabu vya somo vimeandikwa kwa kuufuata, na walimu wamefundishwa kwa huo huo. Huko maungio yana mwenyewe, na mwalimu hakuachiwa kazi ya fundi.

Mwanachuo atakayekuwa peke yake shuleni hana budi kuiga kidogo utaratibu huo. Achague mkusanyo mmoja kwa kompyuta zote, na uwe toleo la kudumu. Ubuntu hutoa la namna hiyo kila baada ya miaka miwili, nalo huhudumiwa kwa miaka mitano. Katika somo, afundishe tendo kabla ya kitufe: kuhifadhi ni nini, faili ni nini, folda ni nini, ili mtoto atakayekutana na Windows kesho asianze upya. Na kabla ya kufuta chochote, aiwashe kompyuta kwa flashi yenye Ubuntu, achague kuijaribu bila kuisakinisha, akae nayo mchana mzima. Ajaribu sauti, mtandao na printa, aunganishe projekta, ailaze kompyuta na kuiamsha. Ikishindwa, aizime, aichomoe flashi, aiwashe tena. Windows ataikuta palepale alipoiacha.