Bustani ya Maua Mbele ya Kwota

Si vigumu, katika kambi ya askari au katika nyumba za polisi, kuona kwota mbili zilizojengwa kwa ramani moja na kupakwa rangi moja, lakini zisizofanana hata kidogo. Mbele ya ile ya kwanza kuna udongo mtupu uliokanyagwa hadi ukawa mgumu kama sakafu, na kila mvua inaponyesha matope mekundu huruka ukutani hadi kufika dirishani. Mbele ya ile ya pili kuna ukanda mwembamba wa maua, upana wake hauzidi hatua mbili, na ukuta wake ni safi. Akiulizwa mama wa nyumba ya kwanza kwa nini hapandi, jibu lake huwa ni moja, wala si la uvivu: nyumba ni ya serikali, na amri ya uhamisho yaweza kufika kesho.

Jibu hilo lina uzito wake. Ni jambo chungu kwa mama aliyemwagilia mwaridi kwa miaka miwili kupanda lori la mizigo wakati mwaridi huo ndio kwanza umefika barazani, asijue kama atakayeingia baada yake ataupalilia au ataukata kuwa kuni. Lakini kosa halimo katika kupanda, bali limo katika kuchagua mimea. Familia ya askari yapasa kupanda maua yanayobebeka, yaani yale yazaliwayo kwa mbegu, kwa kipandikizi cha tawi au kwa tunguu, ili siku ya safari bustani nzima iweze kuingia katika boksi moja la sabuni. Na ili maua hayo yapate kubebeka, hapana budi yapandwe kwa kufuata majira. Kwani mmea ulioshika mizizi kabla ya ukame ndio utakaotoa mbegu na matawi ya kuchukuliwa.

MVUA NDIYO KALENDA

Paketi nyingi za mbegu zitokazo ng'ambo huandikwa kwa ajili ya nchi za baridi na theluji, ambako mpanda maua huogopa barafu na kungojea joto. Uganda imepitiwa na Ikweta. Mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, na joto halibadiliki sana kati ya mwezi na mwezi. Kinachougawa mwaka ni mvua. Karibu na Ziwa Victoria, kuanzia Entebbe na Kampala hadi Jinja, mvua kubwa hunyesha Machi hadi Mei, na mvua za pili hunyesha Septemba hadi Novemba. Kati yake kuna vipindi viwili vya ukavu, Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti. Basi bustani ya huko huanza mara mbili kwa mwaka, na aliyechelewa Machi hana haja ya kukata tamaa, maana Septemba haiko mbali.

Kazi ngumu hufanywa wakati wa ukavu, mwezi wa Februari au Agosti. Hiyo ndiyo sehemu ya baba wa nyumba, akirudi kutoka lindo: kulima udongo kwa jembe hadi kina cha shubiri mbili, kuondoa mawe na mizizi ya magugu, na kuchanganya samadi iliyooza vizuri, kiasi cha debe moja kwa kila mita mbili za mraba. Samadi mbichi huunguza mizizi, na huleta magugu kuliko maua. Palipo na kuku, samadi yao ni kali zaidi na haifai kutiwa kabla ya kukaa miezi kadhaa ikioza pamoja na majani makavu.

Mvua ya kwanza isimdanganye mtu. Mara nyingi hunyesha siku mbili, kisha jua hurudi kwa wiki nzima na kuunguza miche yote iliyochipuka. Yafaa kungoja mpaka udongo uwe na unyevu kwa kina cha kiganja. Hapo ndipo zitiwe mbegu za zinia, kosmosi na marigoldi, papo hapo zitakapokulia, bila kitalu. Maua haya matatu asili yake ni Meksiko na nchi za jirani yake, yamezoea jua kali, na huchanua baada ya kama miezi miwili. Marigoldi ina faida ya ziada: mizizi yake hupunguza minyoo midogo ya udongoni ambayo hushambulia nyanya na mboga, na kwa hiyo hupendeza pia kandokando ya tuta la mchicha.

Mwaridi hutaka uangalifu zaidi. Katika nchi za baridi mti huo hulala wakati wa theluji, nao hupogolewa mara tu kabla ya kuamka. Hapa haulali kamwe. Husitasita tu wakati wa ukavu. Wakati mzuri wa kuupogoa, basi, ni wiki chache kabla ya mvua. Yaondolewe matawi yaliyokufa na yale yanayosuguana, na yaliyosalia yakatwe kwa mkasi mkali, juu kidogo ya jicho linalotazama nje, ili tawi jipya lielekee nje na kuacha hewa ipite katikati ya mti. Mvua zikipamba moto majani hupata madoa meusi, huwa ya manjano na kupukutika. Majani hayo yaokotwe na kuchomwa moto; yakiachwa chini, ugonjwa utarudi na kila tone la mvua litakalorukia majani mapya. Vidukari, wale wadudu wadogo wa kijani wanaojazana penye machipukizi, huondoka kwa maji ya sabuni hafifu yanayonyunyizwa asubuhi kwa siku chache mfululizo.

Juni ikifika, au Desemba, swali huwa ni maji. Penye bomba moja kwa nyumba kumi, mama anayejaza keni ya maua wakati jirani hajapata maji ya kupikia hutafuta ugomvi, na ni haki auone. Maji ya kuoshea vyombo na ya kusuuzia nguo yatosha kabisa, mradi hayana dawa ya kung'arisha nguo. Yamwagwe kwenye shina wala si juu ya majani, jioni au alfajiri. Kisha udongo ufunikwe kwa matandazo ya majani makavu ya mgomba, makapi ya kahawa au maganda ya karanga, kwa unene wa vidole vitatu, bila kugusa shina. Udongo uliofunikwa hivyo hudumu na unyevu siku nyingi kuliko udongo mtupu. Mawe yaliyopakwa chokaa, ambayo hupangwa kwa haraka kila inaposikika habari ya ukaguzi, hayatunzi unyevu wowote.

Kwa miezi hiyo hakuna mmea mwaminifu kama boganvilia. Huchanua zaidi ukiwa na kiu. Ukimwagiliwa na kurutubishwa mno hutoa majani matupu. Ile rangi yake ya zambarau au nyekundu si ua, bali ni majani yaliyogeuka rangi, na ua lenyewe ni kile kidude cheupe kilichomo katikati. Wasomaji walio jeshini huenda wakapenda kujua kwamba Louis-Antoine de Bougainville, ambaye mmea huu umepewa jina lake, alikuwa ofisa wa jeshi la Ufaransa aliyepigana Kanada kabla ya kuwa nahodha wa merikebu. Mtaalamu wa mimea katika msafara wake, Philibert Commerson, aliukuta mmea huo Brazili mwaka 1767.

MAUA YASIYOFAA PENYE WATOTO

Kwota hukaa karibu karibu, na watoto wa nyumba moja ndio watoto wa laini nzima. Kwa hiyo mpanda maua huchagua kwa niaba ya jirani zake pia. Oleanda, yenye majani membamba na maua ya waridi au meupe, ina sumu kila mahali, na sumu hiyo hushambulia moyo. Hata moshi wa kuni zake si salama. Oleanda ya manjano ni mbaya zaidi kwa watoto, kwa sababu tunda lake lina kokwa ngumu ambalo wao hulipenda kwa mchezo. Mnanaha, na ndugu yake mwenye maua makubwa yaning'iniayo kama tarumbeta, huweza kumtia mtu kichaa cha muda na kumuua. Waridi la jangwa, ambalo shina lake nene hupendeza sana katika chungu, lina utomvu ambao makabila mengi ya Afrika yaliutia kwenye ncha za mishale.

Mtoto akidhaniwa kuwa amekula mojawapo, asitapishwe kwa nguvu wala asingojwe aone maumivu. Apelekwe hospitali mara moja, pamoja na tawi au tunda la mmea wenyewe, ili daktari ajue anapambana na nini.

Mvuti ni shauri jingine. Kichaka hiki chenye vishada vya maua madogo ya manjano na mekundu kililetwa kutoka Amerika kuwa pambo na ua wa nyumba, kisha kikatoroka. Ugonjwa wa malale ulipozuka Busoga, kuanzia mwaka 1976, vichaka vya mvuti vilivyokuwa karibu na nyumba na mashamba vilionekana kuwa maficho ya mbung'o. Gugu maji nalo, lenye ua zuri la zambarau hafifu, lilitoka Amerika ya Kusini. Lilipoonekana katika maziwa ya Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980 halikuchukua muda kuzuia mitumbwi na kusumbua mitambo ya umeme ya Jinja. Mimea hii miwili haifai kubebwa wala kupewa rafiki, hata akiomba.

Makopo na visahani vya kuwekea vyungu yapasa vimwagwe maji angalau mara moja kwa wiki. Yai la mbu huweza kuwa mbu kamili katika muda unaozidi wiki kidogo tu.

AMRI YA UHAMISHO

Chukua mfano wa sajini anayehamishwa kutoka Jinja kwenda Moroto mwezi wa Januari. Mkewe akiwa mwangalifu, nusu ya kazi ameshaimaliza kabla ya barua kufika. Vichwa vya zinia na marigoldi vilivyokauka mtini tangu Desemba amevikata, akavianika kivulini, na mbegu amezitia katika bahasha za karatasi. Mfuko wa nailoni hushika jasho na kuozesha mbegu. Juu ya kila bahasha ameandika jina, rangi na mwezi, na zote zimo katika kopo kavu lenye kifuniko. Asishangae ikiwa baadhi ya mbegu zitatoa maua yasiyofanana na mama yao. Ndivyo yalivyo maua yaliyochanganywa aina.

Vipandikizi hukatwa siku ya mwisho, asubuhi. Tawi la boganvilia, haibiskasi au mwaridi liwe na unene wa penseli na urefu wa shubiri moja, liondolewe majani yote isipokuwa mawili ya juu. Yafungwe kumi kumi ndani ya gamba bichi la mgomba, ambalo hutunza maji kuliko gunia, kisha yafunikwe kwa gazeti lililoloweshwa. Tawi la franjipani hupingana na haya yote: lina utomvu mweupe, nalo hutaka kuachwa likauke jeraha lake siku kadhaa kabla ya kupandwa, la sivyo litaoza. Kana huchimbwa tunguu lake, likatwe vipande vyenye jicho moja au mawili, na kusafirishwa na udongo kidogo.

Mti mama ubaki. Kuung'oa ni kuuua, maana mwaridi mkubwa hauwezi safari ya lori siku ya jua. Badala yake, kama mama anayeingia ameshafika, apelekwe akazungushwe bustanini kwa dakika chache: huu hupogolewa Februari, huu usimwagilie, na ule wa pembeni ulikuwapo tangu zamani nao una sumu, watoto waonywe. Mara nyingi dakika hizo hutosha kuamua kama bustani itaishi.

Moroto si Jinja. Huko mvua ni ya msimu mmoja, takriban Aprili hadi Septemba, kisha hufuata miezi mirefu ya upepo mkavu. Zinia hustawi, boganvilia hung'ara kuliko penginepo, bali mwaridi hutaka kivuli cha mchana na maji ya kila mara. Laiti sajini angepelekwa Kabale, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mambo yangegeuka: dalia, jeranio na mawaridi hufurahia usiku wa baridi wa milimani, na franjipani ndiyo ingezubaa. Gulu iko katikati. Mvua zake huanza mnamo Aprili na kuendelea hadi Oktoba.

Aliyefika Moroto mwezi wa Januari asipande kitu ardhini, hata akiona uwanja mzuri namna gani. Vipandikizi viwekwe katika makopo yaliyotobolewa chini, ndani yake udongo uliochanganywa na mchanga nusu kwa nusu, upande wa nyumba usiopigwa na jua la alasiri. Vipewe maji kidogo kila jioni, na kila mtoto akabidhiwe kopo lake. Baadhi vitakufa. Vitakavyochipua majani mapya visivutwe kutazamwa kama vina mizizi. Bahasha za mbegu zisifunguliwe hadi Aprili.