Kakao ya Kyela na vyuo vikuu: Mkulima wa Bujonde anapata nini?

Kyela, kakao hukua chini ya migomba na miti mirefu. Hicho ndicho kilimo misitu: miti na mazao shamba moja.

Ila kivuli kina hesabu. Kikiwa kidogo, miche inaungua jua. Kikizidi, unyevu unaozesha maganda, na mvua ya Kyela unaijua. Wa kumwelekeza mkulima ni ofisa ugani, naye anafundishwa chuoni.

Hapo ndipo unaingia RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu ulioanzishwa na vyuo 10 mwaka 2004, makao yake Makerere, Kampala. SUA ya Morogoro imo. LUANAR ya Malawi imo pia, na Malawi ni ng'ambo tu ya Mto Songwe. Mtandao hugharamia wanafunzi wa uzamili wafanye utafiti pamoja na wakulima, sio maabara pekee.

Shida ni kinachofuata. Tasnifu inaandikwa kwa Kiingereza, inaishia maktaba. Mkulima wa Bujonde anataka mtu aje shambani na panga, amwoneshe tawi la kukata na la kuacha.