UZI: Kiwanda kirudishe taka zake, kwa nini?

Kila msimu wa bajeti ni mistari ile ile. Huyu anasema viwanda vijali mazingira, yule anasema ushuru utaviua. Swali wanalolikwepa: chupa ikishakuwa tupu, nani analipia?

"Uchumi wa mzunguko" ni jina kubwa la kitu tunachokijua. Soda ya chupa, ile ya glasi: unaenda na chupa tupu au unaacha pesa yake. Kiwanda kinaosha, kinajaza tena. Si huruma, chupa ni mali yake. Ile ya plastiki ikishauzwa, kiwanda kimemalizana nayo. Inaziba mtaro, kaunti inazoa, mimi na wewe tunalipa. Viwanda vya chuma navyo huyeyusha vyuma kuukuu bila kuhubiriwa na mtu, juu vina faida.

Faida ikikosekana, sheria ndiyo husukuma. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 ilikuja na faini ya milioni 2 hadi 4, ama jela. Nayo sheria ya taka ya 2022 inamfuata mzalishaji hata baada ya bidhaa kutumika.

Sasa ule ushuru wa mazingira kwenye Mswada wa Fedha wa 2024, ambao haukuwa sheria. Ungetoza aliyekusanya taka zake sawa na asiyekusanya. Kwa hivyo akija mwingine na ushuru kama huo, muulize: nikirudisha chupa zangu, nitalipa kidogo?